Pini Iko kwa Mama Chapo

SHIRU: Tunarekodi? Taa iko? Sawa. Karibuni tena, mimi ni Shiru na huyo mnamsikia akitafuna ni Oti.

OTI: Sitafuni. Ni bigiji.

SHIRU: Na bigiji hufanywa nini, hunywewa? Haya. Jameni leo nimekuja na daftari, wale mmekuwa mkituambia tunapiga tu stori bila mpango leo mtanyamaza, kuna mambo matano ya kujua kabla hujatengenezea biashara ndogo websaiti ya kitu kimoja, nimeyaandika na biro nyekundu. Lakini Oti ako na kisa cha Jumanne na hajanyamaza nacho tangu Jumanne.

OTI: Dakika mbili tu.

SHIRU: Naangalia saa.

OTI: Si mnamkumbuka fundi wangu wa Kamukunji, yule wa inkubeta, mashine ya kutotoa vifaranga?

SHIRU: Wanamkumbuka mpaka watoto wake.

OTI: Sasa kwa mwenye amejiunga leo. Huyu mzee anatengeneza kila kitu, wilbaro, masanduku ya watoto wa bodi, mashine za kukata chipsi, jiko, yote. Na alikuwa anataka websaiti ya kuweka yote. Nikamwambia mzee wangu hapana, tuchukue inkubeta peke yake, domeini ya .co.ke, yaani jina la websaiti, kitu kimoja. Juu sanduku mtu hununua pale ameliona, hakuna mtu wa Bomet amelala saa sita usiku anatafuta sanduku kwa Google. Lakini mtu mwenye amewekelea mayai mia, siku ya 21 imefika na hakuna kifaranga hata kimoja kimelia, huyo hajalala, huyo ako kwa simu anauliza Google nimekosea wapi.

SHIRU: Hiyo ndiyo namba moja kwa daftari langu, umeiiba. Usitafute kitu unauza, tafuta mtu hajalala juu ya nini.

OTI: Ehe. Na hiyo ukurasa ndiyo inaleta watu, sio ile ya mashine. Sikuandika mimi, mzee alinitumia voisi noti kama kumi na mbili kwa WhatsApp, nyundo zinalia nyuma, anaeleza joto ni nyuzi 37.5, geuza mayai mpaka siku ya 18 halafu uache, usiguse tena, ongeza maji. Na anasema shida kubwa ya watu sio mashine, ni kuchungulia. Mtu anafungua mlango kila saa kuona kama wamefika. Joto linatoka, unyevu unatoka. Nilimaliza kuandika hiyo nikajisikia ni mimi anaongelea.

SHIRU: Sasa Jumanne.

OTI: Jumanne saa nne asubuhi napigiwa simu na mzee mmoja ametoka Meru, ametoka kwake na giza, ananiambia, kijana, nimefika kwa ofisi yenu, na mbona hapa ni chapati?

SHIRU: (anacheka) Wooi.

OTI: Nikamwambia, mzee wangu, hebu angalia juu ya mlango. Akaniambia hakuna mlango. Kuna mama, kuna karai, na kuna watu wanakula madondo, maharagwe.

SHIRU: Sasa waambie pini, ile alama ya Google Maps ya kuonyesha biashara iko wapi, ilifikaje hapo. Waambie ukweli.

OTI: Pini ilifika hapo juu ya... kulikuwa na mambo ya teknolojia.

SHIRU: Oti.

OTI: Sawa! Siku nafungua profaili ya Google ya mzee, ule ukurasa wa biashara yake kwa ramani, nilikuwa nyumbani Umoja, sikutaka kuingia tao, nikampigia nikamwambia bonyeza pale penye imeandikwa lokesheni uko sasa hivi. Sikumuuliza uko wapi sasa hivi. Na ilikuwa saa saba.

SHIRU: Lanchi.

OTI: Alikuwa kwa Mama Chapo upande wa Gikomba, chapo mbili madondo, anabonyeza na kidole cha mafuta.

SHIRU: Na ile video Google huitisha ya kuonyesha biashara iko kweli?

OTI: Hiyo alirudi akafanyia kwa kibanda, akaonyesha bati, akaonyesha mashine, akaonyesha njia, ikapita. Pini ikabaki kwa mama. Miezi mitano.

SHIRU: Miezi mitano watu wanatoka kaunti zingine wanaenda kununua inkubeta kwa mama wa chapati. Na hakuna mtu alisema!

OTI: Hapo ndio nashuka Kamukunji, nataka kumwomba mama msamaha, nimejipanga vizuri, shikamoo mama. Ananiangalia ananiuliza, wewe ni wa inkubeta? Kaa hapo. Kijana, mpeleke huyu. Shiru, ako na kijana! Kijana anakupeleka mpaka kwa fundi, hamsini bob. Lakini lazima kwanza ukule.

SHIRU: Si anakulazimisha.

OTI: Halazimishi, anakuambia tu kijana ametumwa atarudi baada ya dakika kumi. Na hiyo harufu iko hapo. Utafanya nini hizo dakika kumi?

SHIRU: Huyo mama angekuwa anauza hosting, nafasi ya kuweka websaiti, tungekuwa tumefilisika sisi wote.

OTI: Na anajua bidhaa kunishinda. Nimekaa hapo nasikia anamwambia mama mwingine wa Kitui, hiyo ya mayai mia haikufai, wewe kwenu stima inapotea, chukua ile inaweza kutumia betri. Ameangusha chapati nyingine kwa karai bila kuangalia. Na bei anasema. Anasema bei yote, ya mia, ya mia mbili, na ya usafiri.

SHIRU: Hebu hapo simama. Ni pesa ngapi?

OTI: Nini?

SHIRU: Ya mayai mia. Ngapi?

OTI: Inategemea.

SHIRU: Wasikilizaji, mmesikia? Mama wa madondo anajua bei, kijana wa hamsini bob anajua bei, mzee wa Meru sasa anajua bei, mwenye alitengeneza websaiti anasema inategemea. Kwa websaiti yako mmeandika nini penye bei?

OTI: Tumeandika piga simu upate bei nzuri.

SHIRU: Hiyo ndiyo namba mbili na nilikuwa nimeiwekea mistari chini. Mimi nikiona njoo inboksi nimetoka, natoka hivyo hivyo, hata kama ulikuwa unauza dhahabu. Mtu wa Marsabit anatumia bando yake kufungua ukurasa wako, picha zimechukua muda kufunguka, anafika mwisho anaambiwa apige simu. Anataka kujua kitu kimoja tu, kama pesa yake inafika. Hataki urafiki.

OTI: Wewe hujawahi kuuza bati.

SHIRU: Nimeuza mitumba miaka miwili.

OTI: Mitumba umenunua belo, bei umeshaijua. Bati leo ni hii, wiki ijayo ni ingine, mzee anaandika bei Jumatatu na Alhamisi anatengeneza kwa hasara juu mtu amekuja na skrinshoti. Skrinshoti, Shiru! Anakuonyesha kama hati ya korti. Halafu majirani. Kamukunji kibanda kwa kibanda, yule wa kushoto akiona bei yako kwa simu anateremsha na mia tano, na yeye hajalipa websaiti, hajalipa mimi.

SHIRU: Yule wa kushoto anaweza kutembea hatua tatu akuulize. Ama atume mtoto. Bei yako majirani wanaijua kabla mke wako aijue, mwenye hajui ni mteja peke yake.

OTI: Na bargeni? Bei ukiiandika umeanzia chini. Mteja wa Nairobi haoni bei, anaona mahali pa kuanzia vita.

SHIRU: Si uandike kuanzia pesa fulani.

OTI: Neno kuanzia hakuna mtu hulisoma. Wanasoma namba.

SHIRU: Basi andika na tarehe, bei ya leo, ubadilishe kila Jumatatu. Ni dakika tano kwa WordPress.

OTI: Dakika tano za nani? Mzee ako na nyundo mkononi. Hiyo inakuwa kazi yangu na hajanilipia.

SHIRU: Aaa! Kumbe sio bati. Ni wewe hutaki kazi ya Jumatatu.

OTI: Sijasema hivyo.

SHIRU: Umesema na maiki iko on.

OTI: Mimi nasema hivi, kuna biashara bei ni sehemu ya mazungumzo. Mzee akiongea na mtu kwa simu anamjua, ako na kuku wangapi, ako na stima ya aina gani, na wengine anawaambia ukweli usinunue bado. Bei ikiwa kwa ukurasa hiyo simu haiji.

SHIRU: Na mimi nasema kwa kila mmoja amepiga kuna wengine hawakupiga, na hao huwaoni ndio maana huwahesabu. Unahesabu simu zenye zimelia.

OTI: Utawahesabu aje wewe?

SHIRU: Naenda Search Console, ile ya Google ya kuonyesha watu wametafuta nini wakaona websaiti yako, naangalia. Watu wanatafuta bei ya inkubeta, ukurasa wako unaonekana, hawabonyezi, labda wameenda kwa mtu mwingine mwenye ameandika bei. Umeangalia?

OTI: ...Nimeangalia.

SHIRU: Na?

OTI: Inategemea.

SHIRU: (anacheka) Mungu wangu.

OTI: Hapana, sikiza, wanaotafuta bei sio wote wananunua! Kuna mtu anaulizia bei ya inkubeta kama venye wewe huangalia nyumba za matajiri huko Karen.

SHIRU: Usiingize Karen. Hiyo ni maombi.

(mita inalia: pii, pii)

OTI: Hiyo ni nini?

SHIRU: Ni token ya stima inaisha. Endelea, huwa inalia muda kabla izime. Lakini hata wewe, pole kwa kurudi nyuma, Mama Chapo anasema bei, na watu wananunua. Kwa nini mama akisema ni sawa na websaiti ikisema ni vita?

OTI: Mama anakuona. Anaangalia viatu, anaangalia venye umekula, umeitisha chapo moja ama nne. Halafu ndio anasema bei.

SHIRU: Yaani anasema bei tofauti?

OTI: Sijasema hivyo pia.

SHIRU: Sikubali. Na hutakubali wewe pia, naona hiyo sura. Sasa pini umeitoa?

OTI: Bado.

SHIRU: Oti!

OTI: Mzee amekataa! Nimemwambia tusongeshe pini, ameweka nyundo chini, akaniambia, kijana, wacha hapo. Wateja wanafika wameshiba, wamekaa, wameshaambiwa bei na mtu mwingine, hawanisumbui. Zamani walikuwa wanafika na hasira ya Landhies Road yote.

SHIRU: Lakini hiyo sio lokesheni yake. Google inataka pini pale biashara iko, mtu akiripoti profaili inaweza kusimamishwa, na hapo simu zote zitanyamaza siku moja.

OTI: Na nikibadilisha anwani wanaweza kuitisha uthibitisho tena, video tena, nirudi Kamukunji tena.

SHIRU: Urudi. Ukule chapo. Na riviu, maoni ya wateja hapo kwa Google, je?

OTI: Riviu ndio balaa. Ziko kumi na moja. Saba zinaongea juu ya madondo. Kuna mtu ameandika, mashine bado sijachukua lakini chapati ni laini, nyota tano. Mwingine amepiga picha ya sahani. Sasa picha ya kwanza ukifungua biashara ya inkubeta ni sahani.

SHIRU: (anacheka mpaka anakohoa) Na mteja wa kuku anaangalia sahani anajiuliza kama hao ndio vifaranga.

OTI: Na kuna nyota moja. Moja tu. Mtu amesema alifika saa kumi akakuta chapo zimeisha.

SHIRU: Kwa riviu za mashine ya kutotoa mayai! Si umtengenezee mama profaili yake basi, yake na pini yake, na ya mzee iende kwa mzee.

OTI: Nilimwambia. Akaniuliza, hiyo itanisaidia na nini, si watu wanafika?

SHIRU: Huyo mama.

OTI: Nikakosa jibu, nakuapia. Nimefanya hii kazi miaka sita.

(mita inalia tena)

SHIRU: Unit zimebaki ngapi, hebu angalia, wewe uko karibu.

OTI: Sufuri nukta nne.

SHIRU: Wee! Na nilikuwa na namba tatu, ya domeini kusajiliwa kwa jina la klaienti na sio la fundi wa websaiti, hiyo ilikuwa ya kukugonga wewe.

OTI: Ya mzee iko kwa jina lake.

SHIRU: Tangu lini?

OTI: Tangu Jumatano.

SHIRU: Na namba nne ni picha, mtu anapakia picha moja MB nne... wacha, hakuna muda. Tano sitasoma. Oti tuma mia mbili kwa hiyo mita.

OTI: Mbona mimi?

SHIRU: Ulilipa chapo Jumanne?

OTI: Mama alikataa pesa.

SHIRU: Basi tuma. Namba ya mita imebandikwa kwa friji, anzia hiyo ya juu, ile ya chini ni ya jira