Ziwa Limeishia Wapi?

ZAITUNI: Karibuni tena. Leo tulipanga kuongelea ukingo wa Nile hapa Jinja, Uganda: biashara, makazi, sehemu za kupumzikia. Tumewaandalia na mambo matatu ya kuzingatia. Ila kwanza, Wasswa, nikupe ya Jumamosi.

WASSWA: Ulimpeleka shangazi kwenye chanzo.

ZAITUNI: Tukapanda boti mpaka penye kibao. Nahodha akazima injini: "Mama, Nile inaanzia hapa." Shangazi akachovya mkono, akatazama nyuma, akatazama mbele. "Mbona maji ni yale yale? Ziwa limeishia wapi?" Mpaka jana mezani bado anauliza.

WASSWA: Angekuja kabla ya 1954 asingeuliza. Palikuwa na maporomoko ya Ripon, yale aliyoyaona Speke, mvumbuzi Mwingereza, 1862, na wenyeji waliyajua zamani kabla yake. Juu ziwa, chini mto. Bwawa la Owen Falls likapandisha maji, maporomoko yakazama.

ZAITUNI: Basi mpaka umezama! Na hapo ndipo penye jambo. Tuliposhuka, kwa yule mama anayekaanga sato, nilikuta vigingi vya rangi nyekundu. Kimoja kimepigwa kati ya jiko lake na beseni la samaki. Kila akienda kuchukua samaki, anakiruka. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 100 kando ya Nile, lakini kando ya Ziwa Victoria ni mita 200. Yeye yuko mtoni au ziwani?

WASSWA: Mtoni. Maji yakishaanza kwenda, huo ni mto.

ZAITUNI: Shangazi alidondosha jani majini kabla hatujafika kwenye kibao. Likaenda.

WASSWA: Upepo huo, dada.

ZAITUNI: Hapakuwa na upepo hata kidogo!

WASSWA: Haya. Mimi nasema pajengwe. Tumekuwa jiji tangu 2020, na jioni ukitaka kukaa na watoto kando ya maji, ama ulipe hotelini, ama ukae gizani, choo hakuna. Fleti na maduka yakija, taa na mabomba yatakuja.

ZAITUNI: Na ukuta utakuja. Mwaka huo huo wa 2020 ziwa lilifurika kupita hata miaka ya sitini, maji yakawaingilia watu vyumbani. Zile mita ni za maji, na ni za sisi sote.

WASSWA: Ndiyo maana nataka wahandisi. Yule mama apewe kibanda kizuri humo humo.

ZAITUNI: Kwa kodi gani? Anauza samaki mmoja mmoja.

WASSWA: Bila kodi, jiji litasafisha ukingo kwa pesa ipi?

ZAITUNI: Ukingo anaousafisha ni yeye, kila alfajiri, kwa ufagio wake. Nimemwona.

WASSWA: Ufagio hauzoi maji taka, Zaituni.

ZAITUNI: Sikubali.

WASSWA: Nami sikubali.

(Kimya.)

WASSWA: Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili. Na yale mambo matatu?

ZAITUNI: Yaache. Shangazi anarudi Mombasa Alhamisi, nimjibu nini?

WASSWA: Jumatano twende naye. Tuanze mbali, huku ziwani, tudondoshe jani kila baada ya hatua chache, tuone ni lipi la kwanza kuondoka.

ZAITUNI: Na mimi nakuja na futi ya kamba. Nitapima kutoka hapo mpaka jikoni kwa yule mama.