Gobore la Ngamiani na Bei ya Nakala

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, hamjambo. Ahsanteni kwa kuja na mvua hii.

Nimeombwa nieleze jinsi ya kuthamini bunduki ya kijeshi iliyoundwa upya kiwandani ili iuzwe kwa raia, yaani nakala. Nitaanza na ile iliyonifundisha.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa nyumba moja Ngamiani, hapa Tanga mjini. Warithi walikuwa wanagawana mali ya baba yao, baharia. Kiwanja na vyombo vilishapata bei. Kilichobaki ni kitu kirefu kilichofungwa kanga juu ya meza. Wakafungua: gobore, mtutu umeshikwa kwenye mbao kwa pete tatu, na bamba la mtambo lina taji na mwaka wa zamani. Kaka mkubwa akasema, "Mwalimu, hii ilipigana hapa Tanga 1914." Nami nikatazama taji, nikaandika bei ya kitu cha kale. Mdogo wao, mwenye leseni, akaichukua na kuwalipa ndugu zake kwa hesabu yangu. Nilimdhulumu bila kukusudia, na jambo hilo lilininyima usingizi nilipolijua.

Historia peke yake ingetosha kunizuia. Novemba 1914, askari wengi walioilinda Tanga upande wa Wajerumani walishika Mauser ya mwaka 1871, ya milimita 11, inayopakiwa nyuma risasi moja moja, na moshi wa baruti yake ulimfichua mpigaji. Jeshi la Waingereza lililotoka baharini lilikuja na bunduki za kisasa, likaziacha nyingi hivi kwamba Wajerumani waliweza kuzipa silaha kampani tatu za askari. Lile gobore la mezani lilikuwa la umbo la Enfield ya 1853, bunduki ya jeshi la Waingereza, la kushindilia kwa mdeki, yaani ile fimbo yake ndefu, kutoka mdomoni. Waingereza walianza kuzigeuza Enfield hizo kuwa Snider za kupakiwa nyuma mwaka 1866. Lingefuata nini pwani yetu miaka arobaini na minane baadaye, mikononi mwa jeshi?

Nilirudi kuliangalia upya, safari hii kwa utaratibu. Kwanza nilitumbukiza mdeki mtutuni hadi ulipogota, nikaweka alama ya kidole, nikautoa na kuulaza juu ya mtutu kwa nje. Ukifika karibu na mwisho wa mtutu, ndani ni patupu. Ukiishia mbali, kuna baruti na risasi, na hapo unaacha kila kitu na kuita fundi mwenye kibali. Nawaomba msiruke hatua hii hata kama marehemu aliapa kwamba haina kitu.

Kisha nikalegeza skrubu na pete, nikauinua mtutu taratibu kutoka kwenye mbao. Juu yake, chini ya weusi wa mafuta yaliyoganda, kulikuwa na jina la kiwanda cha Uingereza: Parker-Hale, Birmingham. Pembeni kulikuwa na namba ya mfululizo. Chini, mahali mbao hufunika, alama za majaribio za Birmingham zilikuwa safi kama za jana. Alama hiyo hugongwa baada ya mtutu kufyatuliwa kwa baruti kupita kiasi cha kawaida ili kuona kama utahimili. Wazee wa kiwanda hicho walizitengeneza nakala hizi kwa kufuata vipimo vya Enfield za asili, kwa hiyo usishangae kwamba jicho langu lilidanganyika.

Sasa bei. Nakala hupimwa kwa nakala wenzake. Usiichukue bei ya Enfield ya karne ya 19 ukaipunguza nusu. Hiyo ni hesabu isiyo na mguu. Tafuta bei ambayo nakala ya mtengenezaji huyohuyo imeuzwa kweli mnadani, mtu akatoa fedha. Bei iliyobandikwa na muuzaji ni matumaini yake tu.

Na jina lisikutoshe. Parker-Hale ilipoacha kazi hiyo, nakala zenye jina hilo zilitengenezwa Italia. Kwa hiyo soma alama: ukikuta za Gardone Val Trompia, mji wa Italia wenye nyumba ya majaribio, na herufi mbili ndani ya kisanduku, hizo zinataja mwaka, AA ni 1975, AB ni 1976. Wanunuzi wengi hulipa zaidi kwa ile ya Birmingham. Kama mtu amesugua jina akagonga taji ili ionekane ya kale, bei inaanguka, na kufuta namba ni kesi ya polisi.

Hali yake ndiyo inayokula bei hapa kwetu. Baruti nyeusi huacha masizi yenye chumvi yanayovuta unyevu, na hewa ya bahari ya Raskazone inamalizia kazi. Tumbukiza taa ndogo yenye uzi ndani ya mtutu, utazame mifereji iliyochongwa ndani yake: iking'aa, vizuri, ikiwa na vishimo vya kutu, punguza bila huruma. Mimi hupunguza zaidi kwa kutu ya ndani kuliko kwa mkwaruzo wa kitako, maana mbao hurekebishika. Sanduku lake la asili na karatasi zake huongeza kitu.

Mwisho, soko letu ni jembamba. Kwa Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, mnunuzi lazima awe na leseni, na mrithi lazima aombe yake. Kwa hiyo bei ya London haiji Tanga ikiwa nzima.

Niliandika hesabu mpya kwa mkono, nikawapelekea ndugu wale wote siku moja. Kaka mkubwa aliisoma mara mbili, akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya fedha za mdogo wake.