Mstari ukifutika, usifurahi
(Mazungumzo na wauza karanga, mahindi na dagaa, Mwaloni Kirumba, Mwanza)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, poleni na kazi.

Kijiti hiki cha kupimia sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye karanga na mahindi, ndugu yake mnamjua: kile cha malaria pale zahanati, unatobolewa kidole, unasubiri mstari. Ndani yake zimo kingamwili, askari wadogo wa kinga ya mwili, kila moja na windo lake. Mwaka 1975 wanasayansi Köhler na Milstein walionyesha namna ya kuzizalisha za aina moja tu, kwa wingi. Hapa zimefungwa kwenye chembe ndogo mno za dhahabu. Wekundu mnaouona unatokana na hizo.

Sogeeni. Karanga nimezisaga, nikazikoroga kwenye spiriti na maji, nikachuja. Nachovya... Mnaona? Mstari wa juu umekolea, wa chini haupo. Kwa malaria tungesema huna ugonjwa. Kwa sumukuvu ni kinyume: sumu imezidi! Chembe ya sumu ni ndogo, haishikiki na kingamwili mbili kwa pamoja, kwa hiyo inaziwahi zile zenye dhahabu, nazo zinaupita mstari bila kunasa. Tafadhali lishikeni hili. Nimeshaona mtu anashangilia gunia bovu.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumu kwa kilo, hazionekani wala hazinusiki, na kupika hakuziondoi. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, sumu hii ilituzikisha watu 20.

Dagaa wana yao. Wazee mnakumbuka kati ya 1997 na 1999 Ulaya ilivyotufungia mlango wa sangara zaidi ya mara moja. Salmonella, bakteria wa kuharisha, ilikuwa miongoni mwa sababu. Hao nao wana kijiti chao, lakini wakiwa wachache hakiwaoni. Lazima uwaoteshe kwanza kwenye supu ya maabara usiku kucha. Tena hakitofautishi mzima na mfu. Kwa hiyo anikeni kwenye chanja, msianike mchangani, kijiti kije baadaye.

Ninaloliogopa zaidi ni kiganja. Mtu anachota karanga za juu, anapima, anasema safi. Sumukuvu haienei sawasawa. Punje chache zilizooza huko chini zinaweza kuharibu gunia zima. Choma bambo juu, kati na chini, gunia hadi gunia, changanya, saga zote, ndipo uchovye.

Mama wa kanga ya kijani, lile gunia lako la pembeni tunaweza kulifungua? Nani ana bambo?