Dirisha Kwanza, Turubai Baadaye

Assalaam alaykum. Wenye magari ya kukodisha mpo, madereva mpo, na nyuma kule nawaona vijana wanaoosha magari. Sogeeni mbele, vijana, maana turubai, hili paa la kitambaa la gari, mnalishika ninyi kuliko wenye magari wenyewe.

Nimelisema mara nyingi na leo nalirudia: dirisha la plastiki halikunjwi pamoja na turubai. Linatolewa kwanza. Mkisahau mengine yote, hili msilisahau. Simameni njia ya Paje au ya Nungwi, muitazame kwa nyuma Suzuki ya turubai inayopita. Dirisha limefifia, halionyeshi kitu, na katikati pana mstari mweupe kutoka pembe hadi pembe. Mwenyewe atakwambia limezeeka. Hapana, mstari ule ni kunjo.

Plastiki hii ni vinaili laini. Ikipata moto inalegea, inakubali umbo lolote unaloipa. Ukiikunja saa nane mchana ukailaza chini ya vyuma, usiku inapoa ikiwa na umbo hilohilo. Kesho unainyoosha, keshokutwa unaikunja tena, na siku itakapopasuka itapasuka palepale kwenye mstari. Tena nyuso mbili za plastiki ya moto zikilaliana zinagandana. Na lile vumbi jeupe la mawe ya njia za shamba likiwa katikati yake, kila gari linaporuka shimo linasaga kama msasa.

Najua kuna atakayeniambia: kitabu cha Jeep Wrangler kinataka joto la nyuzi 22 au zaidi ndipo ushike turubai, na sisi hapa tuna joto mwaka mzima, basi hofu ya nini? Onyo lile limeandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako plastiki hukakamaa ikavunjika na kitambaa hujikaza kisifike kwenye makomeo ya mbele yanayolifunga paa. Hapa Unguja hata usiku wa kipupwe hatuko mbali na nyuzi hizo. Kinachotuumiza sisi ni jua. Kwa hiyo kulishusha turubai, gari likae kivulini kwanza, plastiki ipoe mpaka kiganja kiweze kutulia juu yake. Kulipandisha ni kinyume: likae juani kidogo, kitambaa kilegee, kivutike mpaka mbele bila kupigana nacho.

Sasa kazi yenyewe. Nachukua mfano wa Wrangler. Suzuki zina tofauti zake za vishikizo na mikanda, lakini utaratibu unafanana. Wenye Land Rover za zamani za kamba na kulabu, yenu ni kazi nyingine, sitaigusa leo.

Gari liwe mahali tambarare, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa. Mwagia madirisha maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kuyagusa, vumbi liondoke lenyewe. Kitambaa kikavu juu ya dirisha lenye vumbi sikitaki hata kukiona. Kisha yafute mpaka yakauke.

Anza na zipu ya dirisha la nyuma. Tazameni mikono yangu. Mkono mmoja unashika kitambaa karibu na kichwa cha zipu na kukisogeza ili kilegee. Mkono wa pili unavuta kufuata meno, si kuelekea kwako. Ukivuta kwa upande, kichwa kinapinda na meno yanaanza kuachana nyuma yake. Yakiachana usiendelee mbele. Rudi mpaka mwanzo wa zipu, uanze upya. Atakayelazimisha hapo ndiye atakayemtafuta fundi cherehani wa kubadilisha zipu nzima. Na fundi huyo mwambie atumie uzi wa poliesta. Wa pamba utaoza kwa jua na unyevu wetu.

Zipu ikishafunguka, toa ule ufito wa chini unaokaa juu ya mlango wa nyuma. Dirisha lilaze juu ya shuka, usiliweke juu ya boneti ya moto. Halafu ya ubavuni: bandua velkro, fungua zipu mpaka mwisho, na mwisho kabisa chomoa ukanda mgumu kwenye mfereji wake, kuanzia pembeni kidogo kidogo. Kila dirisha liwe na kanga yake kuukuu, ya pamba, iliyofuliwa, na lilazwe bapa. Andika KULIA na KUSHOTO kwa ukamilifu juu ya kanga. Ukiandika K peke yake hukuandika kitu.

Ndipo sasa makomeo mawili ya juu ya kioo cha mbele. Sukuma vizuia jua pembeni, fungua, kisha watu wawili, mmoja kila upande, wayarudishe mataruma, vile vyuma vinavyobeba paa, nyuma pamoja, kama foromali, ule mti wa tanga, inavyoshushwa, bila upande mmoja kutangulia. Kitambaa kivutwe nje kila kinapotaka kuingia kati ya chuma na chuma, kwa sababu kinapobanwa ndipo kinapotoboka. Kikunjwe kulalia nyuma, kilale mbele, kilale nyuma tena, kisha kifungwe mikanda.

Kupandisha unarudi njia hiyohiyo, ila kwa jambo moja: makomeo ya mbele yashike tu, usiyakaze. Ukiyakaza mapema turubai lote linavutika mbele, na zipu za nyuma hazikutani. Funga madirisha yote, kisha ndipo ukaze.

Nasikia mtu ananong'ona: mvua ya vuli haipigi hodi, nani ana muda wa kutafuta kanga? Pandisha paa peke yake, ulifunge, usubiri. Kiti kilichorowa pembeni kitakauka kesho. Dirisha lililokwaruzwa halirudi. Ila usiende mbio na ncha za nyuma zikipepea, upepo utaingia chini na kulipasua kwenye mshono.

Muda umekwisha, haya mengine nayataja tu. Zipu isuguliwe nta ya mshumaa. Grisi isikaribie, inakusanya mchanga. Gari likitoka pwani au likishuka kwenye meli ya Pemba, lisuuzwe chumvi, na vishikizo vya chuma pia. Turubai lililorowa likikunjwa kwa dharura, litandazwe siku hiyohiyo kabla ya kuota koga. Dawa ya vioo yenye amonia na thina zisiguse plastiki.

Na hili la moshi ni la roho za watu. Msiendeshe dirisha la nyuma likiwa wazi na ya ubavuni yamefungwa. Gari likienda, hewa ya nyuma inavutwa ndani na moshi wa ekzosi unaingia nayo, na sumu yake haina harufu. Ama fungueni pande zote, ama fungeni nyuma.

Gari lipo pale chini ya mwembe na limeshapoa. Wawili waje, mmoja kulia, mmoja kushoto. Kanga ninazo.