Panya nokauti: kumpata ni kazi, kumsoma ni kazi zaidi

Haya, huko nyuma mnanisikia? Sawa, basi tuanze, maana nawajua, mkishaanza maswali hapa hatutoki.

Leo naongelea panya waliobadilishwa jeni, hasa wale wanaoitwa nokauti, yani panya ambaye jeni yake moja imezimwa makusudi ili tuone mwili unaendaje bila hiyo jeni. Pamoja nao naongelea seli shina za kiinitete, yani seli za mimba changa mno ambazo bado zinaweza kuwa kiungo chochote, kwa sababu bila hizo seli hao panya wasingekuwepo kwa miaka yote ile ya mwanzo. Na msimamo wangu nautoa mapema msije mkasema nimewazungusha: njia ya kumpata panya wa namna hii inajulikana vizuri, ni ndefu lakini ipo. Ugumu unaanza akishazaliwa, pale unapotakiwa kusema huyu panya ananiambia nini. Hapo wengi wanateleza, tena watu wenye maabara kubwa tu.

Turudi nyuma kidogo. Kuweka jeni ngeni ndani ya panya kulishawezekana kabla, mnakumbuka 1982 kina Richard Palmiter na Ralph Brinster walichukua jeni ya homoni ya ukuaji ya panya wa aina kubwa wakaidunga kwenye mayai yaliyorutubishwa ya panya wadogo, na baadhi ya waliozaliwa wakakua kupita ndugu zao mpaka ikawa gumzo. Lakini ile njia ina tatizo moja kubwa, DNA unayodunga inaenda kukaa inapotaka yenyewe, huchagui mahali, na kikubwa zaidi huwezi kuondoa kitu ambacho panya anacho tayari. Unaongeza tu.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1981, Martin Evans na Matthew Kaufman pale Cambridge, na Gail Martin kule California akiwa na kazi yake mwenyewe, walifanikiwa kutoa seli kwenye kiinitete cha panya cha siku tatu na nusu hivi wakazikuza kwenye sahani ya maabara. Zikawa zinaongezeka tu, bila kuamua kuwa ngozi au moyo au neva. Na ukizirudisha kwenye kiinitete kingine zinajiunga na wenzao zinajenga mwili kama kawaida, kila kiungo, mpaka mbegu za uzazi. Hilo la mbegu za uzazi ndo lenye uzito wote. Maana yake chochote ulichobadilisha ukiwa na seli kwenye sahani kinaweza kurithiwa na mtoto wa panya.

Sasa ubadilishe vipi mahali unapopataka? Hapo wanaingia Mario Capecchi na Oliver Smithies, kila mtu na maabara yake. Seli ina mitambo ya kurekebisha DNA yake, na ikikuta kipande kinachofanana na sehemu fulani ya kromosomu inaweza kubadilishana nacho. Kwa hiyo unatengeneza kipande ambacho mwanzo na mwisho wake vinafanana na jeni unayoitaka ila katikati umeiharibu, unazipiga seli shoti ya umeme ili kipande kiingie, halafu unasubiri. Capecchi alipoomba hela ya utafiti kwa kazi hii mwaka 1980 alikataliwa sehemu hiyo, wakaguzi waliona haiwezekani kwa seli za mamalia, yeye akaendelea kwa hela aliyopewa kwa miradi mingine (msiige hiyo tafadhali, mwenzenu ilimwendea vizuri). 2007 yeye, Smithies na Evans wakapewa Nobeli ya tiba.

Ila wakaguzi nao hawakuwa wajinga kiivyo. Mara nyingi mno kipande kinaingia ovyo, sehemu isiyohusika, na kwenye majaribio ya mwanzo ya kina Capecchi kilichokaa pale panapotakiwa kilikuwa kama kimoja kwa kila elfu. Utaitafutaje hiyo seli moja? Mwaka 1988 wakaja na ujanja ambao mimi binafsi naupenda kuliko Nobeli yenyewe. Katikati ya kipande unaweka jeni inayoipa seli kinga dhidi ya dawa kali, na pembeni kabisa, nje ya ile sehemu inayofanana, unaweka jeni ya virusi vya hepesi ambayo inaifanya seli ife ukiipa dawa ya pili. Kipande kikikaa sawasawa, ya katikati inaingia, ya pembeni inakatwa inaachwa nje. Kikiingia ovyo, mara nyingi vinaingia vyote viwili. Kwa hiyo unamwaga dawa ya kwanza, zisizopokea kitu zinakufa, unamwaga ya pili, zilizopokea vibaya nyingi zinakufa, zinazobaki unazikagua DNA moja moja. Seli zenyewe ndo zinakufanyia mchujo.

Kinachofuata ni kazi ya mikono na macho. Kiinitete kina upana wa kama sehemu ya kumi ya milimita, kinashikwa kwa kioo chembamba kinachokivuta kwa upande mmoja kitulie, na upande wa pili inakuja sindano ya kioo yenye seli kumi mpaka kumi na tano zimepangana mstari. Inapenya ukuta, zinaachwa pale ndani kwenye uwazi karibu na kile kikundi cha seli kitakachokuwa mwili, sindano inatolewa taratibu. Kiinitete kinasinyaa, baada ya muda kinajaa tena. Kisha kinapandikizwa kwa jike aliyepandwa na dume aliyefungwa uzazi, ili mwili wake ujue una mimba.

Wanazaliwa kama siku kumi na tisa ishirini baada ya mimba, wa pinki wote, hujui kitu. Manyoya yanapoanza kuota ndo unasoma. Seli shina za zamani zilitoka kwenye ukoo wa panya unaoitwa 129, wenye manyoya ya kahawia ambayo kila unywele una mkanda wa njano, na kiinitete kilichopokea kilitoka kwa panya weusi. Mtoto akiwa na mabaka ya kahawia kwenye weusi, huyo ni kimera, mwili wa koo mbili. Mabaka mengi ya kahawia, unafurahi. Dume, unafurahi zaidi, kwa sababu seli hizo kwa kawaida ni za kiume. Unamzalisha na jike mweusi, wakitoka watoto wa kahawia ujue seli zako zimefika kwenye mbegu, ila hata hapo ni nusu tu yao wenye badiliko, na lipo kwenye nakala moja. Unawazalisha wao kwa wao, robo ya watoto ndo wanakosa jeni kabisa. Hesabuni wenyewe ni panya wangapi wamezaliwa wasiotumika. Mtu anayekuja na ombi la kutengeneza nokauti bila kusema hao wa ziada watakuwa wangapi na watapelekwa wapi, mimi simsainii. Wanasayansi wa Uingereza, Russell na Burch, walishaandika 1959 kwamba utafiti wa wanyama utafute mbadala, upunguze idadi, upunguze maumivu, sio jambo jipya.

Haya, panya unaye. Sasa anasemaje?

Angalieni HPRT. Binadamu, hasa watoto wa kiume, wakikosa hii enzaimu wanapata ugonjwa mbaya mno, wanajing'ata midomo na vidole mpaka kujikata. Mwaka 1987 wakapatikana panya wasio nayo. Wakakaa wakisubiriwa waumwe. Hawakuumwa, wakawa wanatembea tu kwenye vizimba vyao. Au CFTR, jeni ya ule ugonjwa wa makamasi mazito mapafuni: panya nokauti walitoka 1992, na kinachowaua ni utumbo kuziba, mapafu yao hayapati kile kinachoua binadamu. Ikabidi 2008 watengenezwe nguruwe, na kwa sababu seli shina nzuri za nguruwe hazikuwepo, ilibidi wabadilishe seli za kawaida kisha waklonishe.

Na kuna wanaokufa kabla hata hawajazaliwa, karibu theluthi ya jeni zilizojaribiwa zinaleta hilo au kupunguza sana wanaozaliwa. Hapo unajua jeni ni muhimu tumboni, ila kazi yake kwa mtu mzima hujaiona. Ndo maana watu wakatumia mfumo wa Cre, enzaimu ya kukata DNA iliyotoka kwenye virusi vya bakteria, unazima jeni kwenye ini tu, au kwenye seli za kinga tu.

Lakini mfano unaonikera vizuri ni wa kaspasi 1, enzaimu ya seli za kinga. Nokauti wake walitengenezwa 1995 kwa seli za ukoo wa 129, wakaonekana hawafi kwa sumu ya bakteria inayoua panya wa kawaida, watu wakaandika kwamba kaspasi 1 ndo inaua. Miaka kumi na sita! Mwaka 2011 ikaonekana ukoo wa 129 wenyewe una kaspasi 11 iliyoharibika kiasili, na jeni hizo mbili zimekaa jirani kwenye kromosomu, jirani kiasi kwamba hata uzalishe vizazi kumi na panya weusi zinaendelea kurithiwa pamoja. Kumbe kile kifo kinategemea zaidi kaspasi 11. Panya hakudanganya hata siku moja, aliulizwa swali moja akajibu mawili.

Ndio, swali la mama pale mbele. Anauliza, sasa hivi kuna krispa (CRISPR), ule mkasi wa kukata DNA mahali unapotaka, haya yote ya seli shina si yamepitwa?

Kwa sehemu, ndio. Tangu 2013 unaweza kudunga kiinitete moja kwa moja na kupata panya kwa wiki chache badala ya mwaka na zaidi, na tatizo la jirani wa 129 linaondoka kwa sababu unaanza na ukoo unaoutaka. Lakini mkasi unaweza kukata baada ya kiinitete kuwa na seli mbili nne, kwa hiyo anayezaliwa anakuwa na seli za aina tofauti, na bado unalazimika kumzalisha ili upate ukoo safi. Kwa mabadiliko makubwa, ya vipande virefu vya DNA, wengi bado wanapita kwenye seli shina, wanazikagua kwanza kwenye sahani. Swali lingine?