Mirathi ya Bobby Fischer: Kaburi Lililofukuliwa kwa Amri ya Mahakama

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu wapenzi wa sataranji, asanteni kwa kunialika. Najua wengi wenu mngependa nizungumzie mchezo wa sita wa pambano la ubingwa wa dunia la mwaka 1972, ule ambao Boris Spassky, baada ya kushindwa, alimpigia makofi mpinzani wake Mmarekani, Bobby Fischer. Mchezo ule unastahili jioni yake peke yake. Leo nawaomba tumtazame Fischer akiwa marehemu, maana mambo yaliyofuata baada ya kifo chake yananigusa kuliko ubingwa wake.

Alifariki mjini Reykjavik, Iceland, tarehe 17 Januari 2008, kwa maradhi ya figo, akiwa na umri wa miaka 64. Siku nne baadaye, asubuhi na mapema, akazikwa mbele ya watu wachache mno katika uwanja wa kanisa dogo la Laugardælir, nje ya mji wa Selfoss. Wosia hakuacha. Mali aliyoiacha ilikadiriwa kufikia dola milioni 2 za Marekani.

Fedha hizo kwa sehemu kubwa zilitokana na pambano la marudiano na Spassky la mwaka 1992, lililochezwa Yugoslavia wakati nchi hiyo ipo chini ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa. Mfuko wa zawadi ulikuwa dola milioni 5, na mshindi, Fischer, alichukua milioni 3.35. Serikali ya Marekani ilimwandikia kumkataza asicheze. Yeye akaitemea mate barua ile mbele ya waandishi wa habari. Hati ya kukamatwa ikatolewa, na tangu hapo hakukanyaga tena nchi aliyozaliwa. Mama yake alifariki mwaka 1997, dada yake Joan mwaka 1998, na hakuweza kwenda kumzika hata mmoja wao. Mwaka 2004 akakamatwa uwanja wa ndege wa Narita, Japani, kwa kusafiri na pasipoti iliyofutwa, akawekwa kizuizini miezi mingi mpaka Bunge la Iceland lilipompa uraia mwezi Machi 2005. Ndiyo maana mirathi yake ikaamuliwa Reykjavik.

Wadai walikuwa pande nne. Wa kwanza ni Miyoko Watai, mchezaji na kiongozi wa chama cha sataranji cha Japani, aliyesema walifunga ndoa Septemba 2004 Fischer akiwa bado kizuizini. Wa pili ni wapwa zake wawili, watoto wa yule dada ambaye hakumzika. Wa tatu ni mama mmoja wa Ufilipino, kwa niaba ya binti yake mdogo aliyesemekana kuwa mtoto wa marehemu. Na wa nne ni idara ya kodi ya Marekani, ambayo haisahau mtu.

Sheria ya Iceland iko wazi. Mtu akiacha mwenzi wa ndoa na watoto, mwenzi anapata theluthi moja, watoto wanapata theluthi mbili. Asipoacha mtoto, mwenzi anachukua zote. Wapwa hufikiwa tu iwapo hakuna mke wala mtoto. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na sababu ya kuuliza mambo ambayo Fischer maisha yake yote aliyafungia ndani: alimwoa nani, alizaa na nani.

Upande wa mtoto uliomba kaburi lifukuliwe ili zipatikane sampuli za vipimo vya DNA. Mahakama ya chini ikakataa. Mwezi Juni 2010 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo, na tarehe 5 Julai, alfajiri, kaburi likachimbwa mbele ya daktari, kasisi na mkuu wa utawala wa eneo hilo. Wakachukua sampuli, wakafukia. Mwezi Agosti majibu yakatoka: Fischer hakuwa baba wa yule binti.

Wapo waliolaani kitendo kile kuwa ni kuvunja heshima ya maiti. Nawaelewa, maana hata kwetu kaburi haliguswi ovyo. Lakini mimi naamini Mahakama ya Juu ilitenda haki. Maiti hana tena cha kupoteza, na mtoto aliye hai ana miaka mingi mbele yake ya kuulizwa baba yake ni nani. Jibu lile lilimuumiza, sina shaka, ila lilikuwa jibu.

Na hapa nataka tutulie kidogo, kwa sababu Fischer mwenyewe alizaliwa ndani ya swali hilohilo. Hati yake ya kuzaliwa, Chicago, mwaka 1943, inamtaja Hans-Gerhardt Fischer, Mjerumani, kuwa ndiye baba. Lakini majalada ya FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kuhusu mama yake, Regina, yaliyokuja kuchapishwa gazetini mwaka 2002, yanamwelekea mtu mwingine: Paul Nemenyi, mwanasayansi kutoka Hungaria, aliyekuwa akitoa fedha za matunzo ya kijana huyo. Nemenyi alifariki mwaka 1952, Bobby akiwa anakaribia kutimiza miaka tisa. Kwa umri, ni kama yule binti wa Ufilipino kaburi lilipofukuliwa.

Kuhusu ndoa, mvutano mkubwa ulikuwa juu ya uthibitisho wa nyaraka. Watai alishindwa hatua moja, akarudi mahakamani, na Machi 2011 Mahakama ya Wilaya ya Reykjavik ikamtambua kuwa mke halali na mrithi pekee. Wapwa wakaamriwa kulipa gharama za kesi.

Nitawafungulia maswali sasa. Jina la yule binti limeandikwa magazetini dunia nzima akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, kwa kesi ambayo hakuianzisha yeye. Jioni hii sijalitaja, na nawaomba nanyi katika maswali yenu msilitaje.