Bigfoot ana akili kama zetu? Nawajibu kutoka Skamania

Shikamooni wazee wangu, na wadogo zangu hamjambo. Leo niko Stevenson, jimbo la Washington, makao makuu ya kaunti ya Skamania. Huo nyuma yangu ni Mto Columbia, na ile misitu mizito inayopanda mlimani ndiko wanakosema anaishi Bigfoot, jitu la manyoya linalosimuliwa huku. Juzi mjomba wangu wa Kigoma aliniuliza kwenye simu: "Hilo jitu la huko kwenu ni mtu au mnyama? Lina akili?" Nikasema swali hili nitalijibia hapa hapa, maana kaunti hii ililiingiza mpaka kwenye sheria.

Mwaka 1969 walipitisha amri kwamba ukimuua Bigfoot, faini hadi dola 10,000 au jela hadi miaka 5. Mwaka 1984 wakairekebisha, na marekebisho hayo ndiyo yaliyonileta. Yanasema mchunguzi wa vifo wa kaunti auangalie mwili. Akikuta ni kiumbe wa aina ya mtu, aliyeua ashtakiwe kwa mauaji, sawasawa na aliyeniua mimi. Akikuta ni wa aina ya sokwe, atahukumiwa kwa amri hiyo ndogo tu. Sasa huyo mchunguzi ataangalia nini?

Watu wengi ninaozungumza nao huku wanaangalia miguu. Ile filamu ya Roger Patterson na Bob Gimlin, ya Oktoba 1967 kule Bluff Creek, kaskazini mwa California, mmeiona: kiumbe wa manyoya anakatiza kando ya kijito, anageuka kuitazama kamera. Wanasema, anatembea kama sisi, basi anafikiri kama sisi. Ndugu zangu, hili jibu lake liko kwetu, Laetoli, kule Ngorongoro. Zile nyayo za binadamu wa kale zilizofukuliwa na timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1978 zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Kisigino kimekanyaga, kidole gumba kimelala sambamba na wenzake, utadhani kuna mtu kapita jana. Na waliozikanyaga, kwa jinsi wataalamu wengi wanavyoamini, walikuwa na ubongo kama theluthi moja tu ya wetu, unaozidi kidogo ule wa sokwe. Miguu ilitangulia, ubongo mkubwa ukaja baadaye sana.

Hoja ya pili: hakamatwi, kwa hiyo ni mwerevu. Hii naiheshimu zaidi. Lakini sokwe wa hifadhi ya Gombe, kule Kigoma, wakienda kukagua mpaka wa eneo lao, wale wale wenye makelele, wananyamaza kimya, wanafuatana kwa mstari, wanasikiliza. Kujificha hakuhitaji akili ya binadamu.

Nilikuwa darasa la sita tulipopelekwa Gombe kwa boti. Kwenye kichuguu alikaa sokwe jike. Akachuma jani refu, akalikata ncha kwa meno, akalitumbukiza tundu la mchwa, akasubiri. Akalivuta polepole, mchwa wamelingʼangʼania, akawapitisha mdomoni. Mtoto wake pembeni naye alikuwa na jani lake, fupi mno, halipati kitu, anamtazama mama na kujaribu tena. Mambo hayo mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliyaona mwaka 1960, na dunia ikalazimika kufikiria upya maana ya binadamu.

Sasa sikilizeni. Sokwe yule anaacha jani kichuguuni. Kila jioni anajenga kiota mtini, na watafiti wanahesabu sokwe kwa kuhesabu viota. Akili huacha alama. Bigfoot mkimpa akili ya mtu, mnampa na moto, majivu, mawe yaliyochongwa. Yako wapi? Wengine wananijibu, "Anazika wafu wake, ndiyo maana hatuoni mifupa." Lakini kaburi ndilo linalotunza mifupa! Kinachoachwa juu ya ardhi huliwa na kutawanywa.

Hata marehemu Grover Krantz, profesa wa anthropolojia wa Washington State University aliyemtetea Bigfoot hadharani miaka mingi, alimwona ni mnyama, si mtu. Na yale manyoya yaliyodaiwa kuwa ya Bigfoot na viumbe kama yeye, ambayo timu ya mtaalamu wa jenetiki Bryan Sykes iliyapima DNA na kutangaza majibu mwaka 2014 yalikuwa ya dubu, farasi, ngʼombe na wanyama wengine wanaojulikana.

Kwa hiyo mjomba, mimi sijaona ushahidi kwamba yupo. Ila kama yupo, nampa akili ya yule mama wa kichuguuni, sina sababu ya kumpa zaidi. Na akili ile si ndogo, mjomba. Mimi nisingependa auawe hata mchunguzi akiandika "aina ya sokwe".

Watu wa Mwamgongo mnaopakana na Gombe, niandikieni hapo chini: sokwe akiwaona mko mbali, hufanya nini kwanza?